Mkuki Chini ya Kiti cha Pikipiki

Mume wangu hakuweza kuchinja kuku. Naanza na hilo kwa sababu asiyelijua hatamwelewa katika haya mengine. Sikukuu ikifika, yeye alishika mabawa na miguu, akageuza uso upande wa ukuta, akaniambia, "Haya, mama watoto, fanya haraka asiteseke." Nami nilichinja. Watoto wetu walikua wakidhani ndivyo ilivyo katika kila nyumba ya Sumbawanga.

Nilipoolewa naye alikuwa karani wa mizani katika ghala la ushirika. Alikuwa na mashati mawili meupe na kalamu moja mfukoni, na wakulima walimpenda kwa kuwa hakuwahi kuegemeza kidole kwenye mizani. Kisha likaja soko huria. Wafanyabiashara wakaanza kufika Laela na malori yao na mizani yao, wakanunua mahindi palepale kando ya barabara, na ghala letu likawa la popo. Watu wakapunguzwa kazi mmoja mmoja. Yeye alikuwa wa mwisho kutoka, maana alihitajika mtu wa kufunga mlango. Alirudi nyumbani akalima, akafuga nguruwe wawili wakafa kwa homa, akalima tena. Miaka ikapita hivyo. Pikipiki za Kichina zilipoanza kuonekana mjini, akauza mahindi ya misimu miwili, akajazia na alichokuwa ametunza, akaja na moja, nyekundu. Niliposikia inanguruma uani nilidhani tumepata mgeni.

Aliitunza pikipiki ile kama alivyotunza mizani. Kila asubuhi aliipangusa kwa kitambaa chenye maji ya moto, kwa sababu kwetu huku juu asubuhi za kiangazi maji ya baridi hugandisha vidole. Na kila aliposimama, hata kama ni kwa dakika moja, aliinama akafunga koki ya mafuta. Wenzake wa kijiweni walimcheka sana.

"Karani, hata ukisimama kupiga chafya unafunga mafuta?"

"Kitu kikisimama kifungwe," alijibu, bila kukasirika.

Kijiwe chao kilikuwa karibu na soko, na mimi nilikuwa na meza yangu hapo hapo: uji wa ulezi asubuhi, halafu chai na chapati mpaka jioni. Nilisema nimeweka meza pale kwa sababu ya biashara. Ukweli ni kwamba nilitaka kumwona akiondoka na kumwona akirudi. Kwa hiyo niliwajua wote. Mwenyekiti wao alikuwa dereva wa malori wa zamani, mtu mnene mwenye koti la ngozi lililopasuka kwapani. Na alikuwapo mmoja niliyempenda kuliko wengine, baba wa watoto wawili, mtu wa utani, ambaye nilimwita shemeji wa sukari kwa sababu alitia vijiko vitano katika kikombe kimoja. Yeye pikipiki haikuwa yake. Aliendesha ya tajiri, na kila wiki alipeleka hesabu.

Mwezi wa tano wa mwaka mmoja, mahindi yakiwa yameanza kukauka shambani, alikuja abiria mwenye koti na mkoba wa ngozi. Alisema yeye ni mnunuzi wa mahindi, anataka kupelekwa kwenye shamba moja njia ya Laela akaone mzigo. Alinunua na chapati kwangu. Alinishukuru kwa adabu. Mchana ule ule, katika njia ya mashambani, akamwomba mume wangu asimame ajisaidie. Mume wangu akasimama, akainama kufunga koki kama kawaida yake, na alipoinuka kamba ikawa shingoni. Mwingine akatokea ndani ya mahindi. Aliniambia jambo la mwisho aliloliona ni kiatu cha yule mtu wa pili, raba ya bluu isiyo na kamba.

Alipozinduka alikuwa amelala kati ya matuta, pikipiki haipo. Aliletwa mjini na lori la mkaa. Shingo ilivimba, na kwa wiki tatu hakuweza kuigeuza. Akitaka kunitazama aligeuka mwili mzima kama mlango.

Pikipiki ilipatikana siku ya pili yake. Wale watu waliiwasha, ikaenda kipande, ikazima; mafuta yaliyokuwa yamebaki kwenye kabureta yalikwisha, na koki ilikuwa imefungwa. Hawakujua. Waliisukuma weee, wakachoka, wakaitupa kwenye shamba la ulezi. Tangu siku ile hakuna aliyemcheka tena Karani kwa kuinama kwenye koki, na wengine walianza kuifunga pia.

Baba mkwe wangu alizipata habari huko kijijini kwake Mollo, akaja. Alikuwa mzee wa kulima, mrefu, mkavu, mtu wa rozari na wa maneno machache. Alikuja na kitu kirefu kimefungwa kwa gunia.

"Shikamoo, baba," nilimpokea.

"Marahaba, mkwe wangu. Yuko wapi?"

Mume wangu alikuwa ameketi uani, kitambaa cha moto shingoni. Mzee alimshika kidevu, akaangalia alama ya kamba kwa muda mrefu, kisha akafungua gunia. Ulikuwa mkuki. Mpini aliukata mwenyewe ukabaki urefu wa mkono, lakini chuma chake kilikuwa cha zamani, cheusi, kipana. Babu yake alikuwa mmoja wa waliokuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo ambayo mabaki yake bado yamesimama porini huko kwetu. Alizungumza na mwanawe kwa Kifipa, nami nayaandika kwa Kiswahili kama nilivyoyasikia.

"Chuma hiki kilitoka katika udongo wa hapa hapa. Kilizuia simba."

"Baba, mimi na simba hatukutani."

"Umekutana na wabaya kuliko simba. Simba hapandi mgongoni mwako akakuomba umpeleke safari."

Mimi nikacheka. Nilisema, "Baba, huyu atamchoma nani? Huyu ambaye kuku..." Mzee hakucheka. Alinigeukia akasema kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayechagua mbegu: "Mkwe wangu, mwanangu huyu ni mmoja. Wengine nimewazika. Mimi kazi yangu ni kumpa. Kazi ya kuchoma au kutochoma ni yake." Kisha akaomba maji ya kunywa, akarudi Mollo bila kungoja chakula.

Wiki ile ile kijiweni hawakuzungumza jambo lingine. Waendesha pikipiki wabebe silaha au wasibebe? Nilimimina chai na kusikiliza. Shemeji wa sukari alikuwa tayari amenunua sime mnadani, ameificha chini ya koti.

"Mwizi ana panga," alisema. "Mimi nina nini? Honi?"

Walicheka wote. Mwenyekiti akangoja wamalize.

"Pikipiki ikitembea mikono yako iko wapi?"

"Kwenye usukani."

"Adui yuko wapi?"

"Nyuma."

"Sasa hiyo sime utaichomoa kwa meno?"

"Nikiwa nimesimama je?"

"Ukiwa umesimama, kimbia."

"Nikimbie niache pikipiki ya tajiri? Mwenyekiti, wewe yako ni ya kwako. Mimi nikiipoteza ile, nitailipa mpaka wajukuu."

Hapo hawakucheka. Mmoja akauliza, polisi akikukuta na sime utamwambia unakwenda kuwinda? Mwingine akauliza mama mwenye mtoto mgonjwa atapanda nyuma ya mtu mwenye kisu kiunoni? Shemeji akajibu kwamba mama huyo huyo atapona pamoja naye, wakivamiwa. Waliendelea hivyo mpaka chai yangu ikaisha, nikaweka sufuria nyingine. Mwishowe mwenyekiti akasema, "Karani, aliyekabwa ni wewe. Sema."

Mume wangu akageuka mwili mzima kuwatazama.

"Mimi sijui," alisema. "Kamba iliponibana sikuwaza silaha. Niliwaza kwamba sikumwambia mke wangu nilipouficha ufunguo wa kabati."

Nikainamia jiko nikapuliza mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

Nilikuwa napinga mkuki ule, na nilisema waziwazi. Lakini shingo ilipopona akarudi barabarani, nikaona jambo ambalo kwangu lilikuwa baya kuliko mkuki. Alianza kukataa abiria. Kila asiyemjua alimwambia ana mtu anamngojea. Siku moja bibi mmoja mwenye kikapu cha mboga alipopanda nyuma, nilimwona mume wangu akikunja mabega mpaka masikioni kama mtu anayengoja kupigwa. Bibi wa watu! Nilirudi nyumbani, nikakata kipande cha turubai, nikashona ala ya ule mkuki, yenye mikanda miwili ya kufungia kwenye chuma kilicho chini ya kiti, upande wa kulia, mahali mkono unapofika. Nilipinga kwa mdomo huku mikono inashona. Aliiona, akaifunga chini ya kiti, akautia mkuki ndani. Kesho yake alichukua abiria wote.

Basi ikawa mwezi wa saba, mdogo wangu aliyeolewa Mtowisa, huko bondeni, akajifungua. Tukaondoka asubuhi, mimi nyuma, na kikapu chenye kuku hai na unga wa ulezi wa uji wa mzazi. Huku juu upepo ulikuwa mkali, nimevaa sweta mbili na khanga kichwani. Tulipofika ukingoni, barabara inapoanza kushuka mteremko wa Lyamba lya Mfipa, nikaliona bonde lote la Ziwa Rukwa chini yetu, limejaa ukungu wa joto. Kila kona tuliyoishuka nilitamani kuvua kitu. Barabara ilikuwa mawe matupu. Mume wangu alishuka polepole sana, akinena na pikipiki kama mtu anavyonena na punda.

Katikati ya mteremko, baada ya kona kali, tukakuta tawi bichi limelazwa barabarani. Akasimama. Akafunga koki. Na kutoka kwenye miti upande wa chini akapanda mtu, kijana wa kiume mrefu, amejifunga shuka, mkononi ana panga.

Sikuona mume wangu alipouchomoa mkuki. Niliuona tu uko mkononi mwake, na yeye amesimama kati yangu na yule mtu, na mkono wake hautetemeki. Hilo ndilo lililonitisha. Miaka yote ile sikujua kwamba ana mkono wa namna hiyo.

"Weka panga chini!" alipiga kelele.

Yule mtu akarudi hatua moja, akaliinua panga badala ya kuliweka.

"Weka wewe kwanza!" Kiswahili chake kilikuwa cha Kisukuma, kizito.

"Nasema weka!"

"Wewe weka! Wewe ndiye umekuja na mkuki!"

Sasa ninapokumbuka naona walivyokuwa sawasawa, wanaume wawili waliokauka midomo, kila mmoja akimwomba mwenzake amruhusu asiue. Lakini wakati ule sikuona hivyo. Mume wangu alisogea mbele. Aliniambia baadaye kwamba alikuwa ameshachagua mahali, chini ya mbavu. Kuku akapiga kelele kikapuni, na katika kunyamaza kwake nikasikia mtu anaguna. Sauti ilitoka majanini, nyuma ya yule kijana. Ilikuwa sauti ya mzee.

Sokoni nilikuwa nanunua maziwa kwa kina mama wa Kisukuma, na nilijua salamu yao, basi. Nikaitoa hiyo hiyo, kwa sauti kubwa kama kichaa:

"Mwangaluka!"

Kijana akanitazama. Nadhani ndipo alipoona kwa mara ya kwanza kwamba kuna mwanamke, na kikapu, na kuku.

"Mwangaluka, mayu," alijibu, akiniita mama kwa lugha yao, na machozi yakamtoka hapo hapo. Panga likashuka lenyewe. "Baba yangu amevunjika mguu. Baiskeli imekosa breki. Nakata miti nimfunge."

Mume wangu aliendelea kusimama na mkuki wake kwa muda, kama mtu aliyesahau namna ya kuweka kitu chini. Nikampita, nikashuka majanini. Mzee alikuwa amelala kwa ubavu, mguu umepinda mahali pasipo goti, na kando yake baiskeli imejikunja na gunia la mchele limepasuka. Vijiti vinne vilikuwa tayari vimechongwa vizuri. Tawi la barabarani kijana aliliweka ili chombo chochote kisimame.

Tulimfunga mguu kwa khanga yangu na vile vijiti. Pikipiki ilikuwa moja. Mgonjwa alitakiwa kupandishwa mjini, hospitali, na hakuweza kukaa peke yake bila kufungwa kwa dereva, kwa hiyo palikuwa na nafasi ya watu wawili tu. Tulimfunga mgongoni kwa mume wangu kwa shuka la mwanawe, kama mtoto mkubwa. Mume wangu, aliyekuwa akiwaogopa hata bibi wa mboga, akawa amebeba mtu asiyemjua, mikono ya mtu huyo imezunguka kifua chake. Kabla ya kuondoka aliutazama mkuki, akanitazama mimi, akamtazama kijana na panga lake.

"Baki nao," aliniambia, akanipa.

Nikabaki barabarani na mkuki wa babu wa baba mkwe wangu. Kijana alikaa upande wa chini wa barabara, mimi upande wa juu, katikati kuku. Kila mmoja na silaha yake magotini. Jua lilipanda. Hapakupita chombo. Baada ya muda alifungua kifurushi, akachukua michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, akaniwekea juu ya jiwe katikati ya barabara, akarudi kukaa. Nikaenda nikachukua. Nami nikamwekea maandazi juu ya jiwe lile lile. Tulikula hivyo, kama watu wanaolishana kwa siri.

"Mayu," alisema baadaye, "kwa nini mumeo ana mkuki?"

"Alikabwa. Na abiria."

Akatikisa kichwa. "Sisi tukisikia pikipiki karibu na zizi tunatoka na marungu. Wezi wa ng'ombe siku hizi huja na pikipiki, wawili wawili, kuangalia kwanza. Leo nilipowasikia nilifurahi, nikasema msaada umekuja. Halafu nikaona mkuki. Nikajua ni wao."

"Sisi tulipoona panga tukajua ni ninyi."

Alicheka kidogo, akajifuta uso kwa kiganja. Aliniambia walihama kutoka upande wa Shinyanga akiwa mdogo, wakiswaga ng'ombe kwa miguu, na kwamba baba yake hajawahi kulala hospitali. Aliniuliza kama huko watamkata mguu. Nikamwambia hawatamkata. Sikujua lolote, nilisema tu. Kisha niliuweka mkuki nyuma yangu, kwenye majani, nikavuka barabara nikakaa upande wake.

Mume wangu alirudi jua limeanza kuinamia ukingo wa mlima. Mzee amepokelewa, mguu utafungwa plasta. Kijana alimshika mikono yote miwili, akainama mpaka paji la uso likagusa vidole. Tukabanana watatu, tukampandisha mjini, kisha tukalala kwetu; mdogo wangu alipata kuku wake siku ya tatu.

Siku ile tulipofika uani mume wangu alizima pikipiki, akakaa juu yake bila kushuka.

"Ningemchoma," alisema. "Mama watoto, ningemchoma kabisa. Sikuwa naigiza."

"Niliona."

"Akiwa na baba yake majanini."

Nilimshika bega.

Asubuhi kijiweni aliwasimulia wote, na hakujipamba hata kidogo. Alisimama kama siku zile alipokuwa akitangaza uzito ghalani, akasema kila kitu, mpaka pale chini ya mbavu. Kisha akasema, "Mimi siubebi tena. Siwaamulii ninyi." Lakini walimheshimu, na maneno ya mtu anayeheshimiwa huamua hata asipotaka. Wakakubaliana mambo mengine: abiria wa mbali aandikwe jina kwa mwenyekiti kabla ya kuondoka, na safari za bondeni na za mashambani waende wawili wawili. Shemeji wa sukari ndiye aliyebisha mpaka mwisho. Halafu akacheka, akasema, "Haya Karani, umenishinda," na kesho yake nilimwona koti limelala vizuri ubavuni, halina kitu.

Jumapili baada ya misa tuliurudisha mkuki Mollo. Niliogopa mzee ataumia. Aliupokea, akamsikiliza mwanawe mpaka mwisho, akauliza swali moja tu: "Yule mzee wa Kisukuma, mguu umeunga?" Tukasema unaunga. Akauchomeka mkuki darini, mahali ulipokuwa, akatuambia tule.

Ningependa kuishia hapo. Miezi minane baadaye shemeji wa sukari alichukua abiria wa karibu, mtu wa kushuka nje kidogo ya mji, safari ambayo hakuna aliyeiandika kwa kuwa haikuwa ya mbali. Alikutwa kando ya njia, amepigwa kwa nyuma. Pikipiki ya tajiri haikuonekana tena.

Nilikwenda msibani na chapati zote za siku ile. Mkewe alikuwa ameketi kwenye mkeka, mtoto mdogo mapajani. Nilipomkumbatia aliniambia sikioni, bila hasira, kama anayenijulisha kitu kilipo: "Sime yake ipo uvunguni, dada. Aliiacha."

Sikumwambia mume wangu maneno hayo. Lakini mtu mwingine alimwambia, au aliyajua mwenyewe, kwa sababu alikaa wiki nyingi hagusi chai. Mwenyekiti alimfuata nyumbani. Alimwambia, "Karani, alipigwa kutoka nyuma. Sime ingekaa wapi, kisogoni?" Mume wangu akasema, "Labda wangeiona kiunoni wakamwacha." Hilo nalo huenda lilikuwa kweli, na mwenyekiti alilijua. Msimu wa kulima ulipofika, mume wangu alikwenda shambani kwa mjane akaanza kuvunja tuta la kwanza peke yake. Siku ya pili walikuwa sita. Siku ya tatu pikipiki zilipangwa kandokando ya shamba lile mpaka barabarani, na wanaume wote walikuwa ndani na majembe. Mume wangu alilima shamba lile miaka mitano, mpaka mtoto mkubwa wa marehemu alipoweza kulishika. Katika miaka hiyo sikumsikia hata mara moja akimshauri mtu kuhusu silaha, kubeba wala kutobeba.

Yule mjane sasa ni mwenzangu wa meza. Mimi napika uji, yeye anapika chapati, na ni nzuri kuliko zangu. Juzi juzi dereva mmoja mgeni pale kijiweni, aliyeoa mwaka huu, alituuliza wakati anangoja chai: mama zangu, ninyi mmeona mengi, nibebe kisu au nisibebe?

"Usibebe," nilisema.

"Beba," alisema mwenzangu, wakati huo huo.

Akatutazama mmoja baada ya mwingine. Mwenzangu akageuza chapati, mimi nikamimina chai. Nikamuuliza abiria wake wa leo anakwenda wapi. Akasema Mtowisa. Nikamwambia akaandikishe jina kwanza, na ampigie mkewe simu kabla hajaanza kushuka.

"Na mwenzako wa safari ni nani?" aliuliza mwenzangu.

"Bado sijampata."

"Basi kaa unywe," alisema, akamsogezea kiti. "Mpaka apatikane."